Kamba ya Fremont

Juzi jioni watoto wa jirani yangu walikuwa wameinamia kioo cha mbele cha Hilux ya baba yao, wanasoma namba iliyochapwa kwenye kibati kidogo upande wa dereva. Namba yenyewe ndefu, herufi na tarakimu 17. Mkubwa wao akanijia mbio barazani.

"Babu, shikamoo. Hii namba inaanza na A. Toyota si ya Japani? Mbona haianzi na J?"

"Marahaba. Umeona vizuri," nikamjibu.

Mwanzo wa namba ile hutaja mahali gari lilipoundwa, hautaji ukoo wa kampuni. J ni Japani. W ni Ujerumani, L ni China. Tarakimu 1, 4 na 5 ni Marekani, 2 ni Kanada, 3 ni Meksiko. Hilux ya baba yao ilifungwa bolti zake Durban, Afrika Kusini, na mafundi wa huko huko. (Mkiikosa namba hiyo kwenye gari lenu, msishangae. Magari mengi tunayoyanunua yakiwa yameshatumika Japani yaliundwa kwa soko la Japani yenyewe, nayo huwa na namba fupi tu ya chesisi.)

"Sasa kwa nini Mjapani aende mpaka Durban kuunda gari lake?"

Swali hilo limewagombanisha watu wazima kwa zaidi ya miaka 40. Limeangusha wanasiasa, limefunga maduka ya miji mizima, na kuna kijana mmoja lilimtoa roho. Nilimwahidi mjukuu wangu huyo nitamjibu kwa kisa cha kiwanda kimoja, na sasa nawasimulia na nyinyi. Ila kabla ya kiwanda, twende kwanza Pangani.

Mfikirieni mama mpika vitumbua pale Pangani mjini. Ng'ambo ya mto, Bweni, ana wateja wengi. Kila alfajiri anavuka na kivuko, beseni kichwani. Nauli inakula faida, na siku kivuko kikiharibika vitumbua vinalala. Kisha wazee wa Bweni wanalalamika kwamba wapishi wao hawauzi, wanataka kila beseni linalotoka mjini litozwe ushuru. Mama anapiga hesabu, anavuka mara ya mwisho na kikaango chake cha pili, anajenga jiko Bweni na kuajiri binti wa hapo. Amemfuata mteja.

Sasa geuzeni kisa. Wateja wote wako Pangani mjini, Bweni hana hata mmoja. Lakini amesikia kwamba binti wa Bweni anakubali nusu ya ujira wa binti anayemsaidia mjini. Anahamisha jiko, vitumbua vinapikwa Bweni, vinavushwa kurudi mjini na kuuzwa bei ile ile. Hapa amefuata ujira mdogo.

Ukitazama kutoka katikati ya mto, majiko hayo mawili yanafanana. Katika kisa cha kwanza, binti wa mjini anabaki na wateja wa mjini. Katika cha pili anabaki na mikono mitupu. Shikeni tofauti hiyo, maana watu wazima wengi wanaobishana kuhusu viwanda vya magari huipoteza njiani.

Fremont ni mji wa California, upande wa mashariki wa ghuba ya San Francisco. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya General Motors, au GM, ilifungua hapo kiwanda. Enzi hizo GM ilikuwa kampuni kubwa ya magari kuliko zote duniani.

Ndani ya kiwanda cha magari kuna laini. Gari huanza likiwa mifupa ya bati, linasogea polepole, na kandokando wamesimama watu, kila mmoja na kazi yake. Huyu anafunga kiti, yule anaingiza kioo, mwingine anakaza nati nne za gurudumu, na kabla hajajipangusa jasho gari jingine limefika. Kazi ya kila mmoja hupimwa kwa sekunde.

Fremont ya GM ilikuwa na amri moja kubwa: laini haisimami. Ukikosea, acha lipite. Waliofanya kazi hapo wamesimulia magari yaliyofungwa injini kinyume, magari yenye bampa isiyo yake, yote yakisukumwa mpaka mwisho wa laini na kurundikwa uani yafumuliwe upya. Mtu akikatazwa kurekebisha kosa analoliona kwa macho yake, kila siku, kwa miaka, moyo wake unaiacha kazi kabla ya mikono. Siku nyingine mtu mmoja kati ya watano hakutokea kazini. Pombe ilinywewa kiwandani. Wapo waliofungia chupa tupu ndani ya mlango wa gari ili imgongegonge mnunuzi masikioni. Nawaambia haya bila kumcheka mtu, kwa sababu watu hao hao mtawaona tena baada ya kitambo kidogo, na hamtawatambua.

Machi 1982 GM ikakifunga. Maelfu wakarudi nyumbani.

Mambo mawili yalikuwa yamekutana. Bei ya mafuta ilipaa mwaka 1973, ikapaa tena 1979, na Wamarekani waliozoea magari makubwa yanayokunywa mafuta wakaanza kutafuta magari madogo. Wajapani walikuwa nayo, tena yasiyosumbua. Meli zikashusha Toyota, Honda na Datsun kwenye bandari za Marekani, na kule Michigan, nyumbani kwa GM, Ford na Chrysler, watu wakapunguzwa kazi kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1981, kwa shinikizo la Marekani, Japani ikakubali kupeleka huko magari yasiyozidi milioni 1.68 kwa mwaka.

Ndio ule ushuru wa wazee wa Bweni, kwa sura nyingine. Na Wajapani wakafanya kama mama wa vitumbua. Novemba 1982 gari la kwanza la Honda lililoundwa Marekani lilitoka kiwandani Marysville, Ohio. Mwaka uliofuata Nissan ikaanza kuunda magari Smyrna, Tennessee. Kazi zilizosemwa zimekwenda Japani zikaanza kurudi, ila hazikurudi Michigan. Zilikwenda mashambani na majimbo ya kusini, ambako vyama vya wafanyakazi vilikuwa dhaifu au havikuwapo.

Katikati ya hasira hizo alikuwapo kijana anayeitwa Vincent Chin. Alikuwa na miaka 27, mzaliwa wa China, amelelewa eneo la Detroit, Michigan, na kuajiriwa huko kama mchoraji wa kazi za uhandisi. Juni 1982, siku chache kabla ya harusi yake, alikuwa akisherehekea na marafiki zake. Wakazozana na wanaume wawili, mmoja wao msimamizi katika kiwanda cha magari, mwingine aliyekuwa amepoteza kazi. Shahidi alimsikia mmoja wao akimlaumu kwamba watu kama yeye ndio waliowakosesha Wamarekani kazi. Wakamfuata mitaani na kumpiga kwa gongo la besiboli. Siku nne baadaye akafa. Hawakulala jela kwa kosa hilo: hakimu aliwapa miaka mitatu ya uangalizi na faini ya dola 3,000 kila mmoja.

Vincent Chin hakuwa Mjapani. Na hata angekuwa Mjapani, hata angekuwa amesimama kwenye laini ya Toyota kule Aichi, Japani, akikaza nati, asingekuwa amechukua kazi ya mtu. Anayekaza nati haamui kiwanda kijengwe wapi. Hili nalisema kwa nguvu zangu zote, kwa sababu kila kizazi kuna mtu husimama jukwaani na kuwaonyesha wenye njaa mgeni wa kumlaumu.

Turudi Fremont. Mwaka 1983 GM na Toyota wakakubaliana jambo lililowashangaza wengi: wakifungue kile kiwanda kilichokufa, kwa ubia. GM ilitaka kujua siri ya kuunda gari dogo zuri. Toyota ilitaka kujua kama namna yake ya kazi ingekubalika kwa wafanyakazi wa Marekani kabla haijajenga kiwanda chake yenyewe huko. Kiwanda kikapewa jina NUMMI. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kikashikilia kwamba watu wa zamani warudishwe kwanza. Mwishowe, katika wafanyakazi wa mwanzo, kama asilimia 85 walikuwa wale wale wa chupa milangoni.

Mamia ya viongozi wa vikundi wakapandishwa ndege mpaka Takaoka, kiwanda cha Toyota nchini Japani. Waliwekwa kwenye laini, bega kwa bega na wenyeji. Hapo ndipo walipoiona kamba.

Kamba ilipita juu ya vichwa, sambamba na laini. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa jana, akiona kosa au akizidiwa, aliinua mkono akaivuta. Wimbo mfupi unalia, taa inawaka, kiongozi wa kikundi anakuja. Wakilimaliza tatizo kabla gari halijavuka kituo kile, laini inaendelea kama kawaida. Wakishindwa, laini inasimama. Kiwanda kizima kinamsubiri mtu mmoja, na kiongozi anayekuja hamfokei, anamuuliza amsaidie nini.

Watu waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi chini ya amri ya "acha lipite" walipata shida kuamini. Siku ya kuagana, wanaume wenye mvi waliwakumbatia wenzao Wajapani na kulia. Wapo waliosema hawakuwahi kuulizwa maoni yao juu ya kazi yao mpaka siku waliyovuka bahari.

Desemba 1984 NUMMI ikaanza kutoa Chevrolet Nova, gari la Kimarekani kwa jina, ndugu wa Corolla kwa damu. Utoro ukashuka kutoka mtu mmoja kati ya watano hadi watu wawili au watatu kati ya mia. Ubora ukakaribia ule wa Takaoka. Kuta zile zile, watu wale wale, mji ule ule. Miaka yote iliposemwa kwamba Mmarekani mvivu ndiye aliyeua kazi yake, Fremont ilikuwa imebeba jibu ndani yake.

Nisiwapambie. Kazi ya NUMMI ilikuwa ngumu kuliko ya zamani. Zamani mtu alifanya kazi kama sekunde 45 katika kila dakika, sasa ikawa 57. Migongo na viganja viliuma. Wako wana-UAW waliosema kwamba kamba ile ilikuwa njia ya kuwakamua zaidi. Lakini mkataba wao ulikuwa na ahadi nzito: mfanyakazi hatapunguzwa mpaka kampuni iwe hatarini kweli, na kabla ya hapo wakubwa wapunguziwe mishahara. Mwaka 1988 Nova ilidoda sokoni, kiwanda kikawa kinafanya kazi chini ya uwezo wake, na hata mtu mmoja hakufukuzwa. Waliokosa kazi kwenye laini walipelekwa darasani.

GM, iliyokuwa imeingia NUMMI ili ijifunze, ilikuwa na safari nyingine upande wa kusini. Tangu mwaka 1965 Meksiko ilikuwa na utaratibu wa kuruhusu viwanda vya mpakani kuingiza malighafi na vipuri bila ushuru, kuviunganisha, kisha kupeleka bidhaa Marekani. Miji kama Ciudad Juárez ikajaa viwanda vya nyaya za magari. Huyu sasa ndiye mama wa kisa cha pili: mteja yuko mjini, jiko liko Bweni.

Mwaka 1992 Marekani, Kanada na Meksiko zilikuwa zinaandaa mkataba wa biashara huria, NAFTA. Tajiri mmoja wa Texas, Ross Perot, aligombea urais bila chama, na kwenye mdahalo wa televisheni akaonya kwamba mkataba ukipita, kazi zitafyonzwa kuelekea kusini. Alishindwa, ingawa alipata karibu kura moja katika kila tano. Mkataba ukaanza kazi tarehe 1 Januari 1994. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 GM ikawa inaunda magari Silao, jimbo la Guanajuato, katikati ya Meksiko, mengi yakisafirishwa kwenda Marekani.

Mnataka kujua kazi ikihama inaacha nini? Nendeni Flint, Michigan, mji ambako GM ilianzishwa mwaka 1908. Mwaka 1960 Flint ilikuwa na watu karibu 200,000. Miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, GM peke yake iliajiri watu wapatao 80,000 mjini hapo na viunga vyake. Leo mji wote umebaki na wakazi kama 80,000, na wafanyakazi wa GM hawafiki 10,000. Baba akikosa mshahara, kinyozi hana kichwa cha kunyoa. Duka la viatu linafungwa, kodi ya mji inapungua, shule inapunguza walimu. Nyumba iliyonunuliwa kwa miaka 20 ya jasho haina mnunuzi, kwa hiyo hata kuhama hawezi.

Wanaotetea viwanda vya nje wana hoja, na lazima mzisikie. Wanasema gari lingekuwa ghali zaidi kama kila kipande kingeundwa Michigan. Wanasema kampuni inayokataa kuhama hupitwa na wenzake mpaka inafungwa yote, hapo hata makao makuu hayabaki. Wanasema gari la Silao limejaa vipuri vilivyotoka Marekani, kwa hiyo kazi ya Meksiko inalisha kazi za Ohio. Na wanakumbusha kwamba mashine zimekula kazi nyingi bila kuvuka mpaka wowote: roboti ya kwanza ya kiwandani iliwekwa na GM yenyewe, New Jersey, mwaka 1961. Wataalamu wa uchumi mpaka leo wanavutana ni kazi ngapi ziliondolewa na mkataba na ngapi na mashine.

Kuna hoja nyingine ambayo sisi wa upande huu wa dunia hatuna budi kuisema. Binti wa Bweni naye anakula. Sisi ndio "nje" wanayoizungumzia. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha GM tangu miaka ya 1970, kikiunganisha malori na mabasi kutoka vipande vilivyoletwa na meli. Mwaka 2017 GM iliuza hisa zake zote kwa Isuzu ya Japani, na kiwanda kikaitwa Isuzu East Africa. Mwaka uliofuata Volkswagen ikafungua kiwanda cha kuunganisha magari Kigali. Kijana anayejifunza kazi hapo si adui wa mtu yeyote wa Flint.

Kwa hiyo sitawaambia kwamba jiko lisihame kamwe. Ninachokipinga ni jiko kuhamishwa usiku. Katika mabishano mengi niliyoyafuata, wenye hisa wanasikilizwa, wanunuzi wanatajwa, mataifa yanashindanishwa kama timu za mpira, lakini mabinti wawili, wa mjini na wa Bweni, hawaitwi kwenye kikao. Na wakikosa kuitwa wote wawili, huyu anafukuzwa kwa sababu ujira wake ni mkubwa, yule anaajiriwa kwa sababu hana uwezo wa kudai.

Sasa sikilizeni mwisho wa Fremont.

Mwaka 2008 uchumi wa Marekani uliporomoka, na Juni 2009 GM ikatangaza kufilisika. Ikajitoa NUMMI. Toyota ikabaki peke yake na kiwanda ambacho kati ya viwanda vyake vyote vya kuunda magari nchini humo ndicho pekee kilichokuwa na wanachama wa UAW. Ikaamua kukiacha. Corolla zikapelekwa kuundwa Kanada na Japani, baadaye Mississippi. Pikapu za Tacoma zikahamishiwa San Antonio, Texas. Angalieni hapo: Texas ni Marekani ile ile. Kazi inaweza kumkimbia mtu bila kuvuka mpaka wa nchi.

Tarehe 1 Aprili 2010 gari la mwisho likatoka. Kiwanda kilikuwa kimetoa magari karibu milioni 8. Watu wapatao 4,700 wakapewa kiinua mgongo na kwenda nyumbani, wengi wao wakiwa na umri ambao barua ya kuomba kazi haijibiwi.

Kamba ilikuwapo mpaka siku ile. Mfanyakazi wa Fremont aliweza kusimamisha laini kwa sababu ya nati iliyolegea. Kusimamisha uamuzi wa kufunga kiwanda, hakuwa na kamba ya kuvuta.

Mwezi uliofuata kampuni changa ya magari ya umeme, Tesla, ikatangaza kukinunua kwa dola milioni 42, bei ya kutupa kwa jengo kubwa namna ile. Miaka miwili baadaye Model S zikaanza kutoka hapo. Kiwanda kikafikia kuajiri zaidi ya watu 20,000, wengi kuliko wakati wowote wa NUMMI, ila bila chama cha wafanyakazi. Na mwaka 2019 Tesla nayo ikajenga kiwanda Shanghai, China. Mwenye nyumba mpya ameshafungua jiko ng'ambo.

Na yule binti wa Bweni? Nendeni Silao.

Kiwanda cha GM cha Silao kina wafanyakazi zaidi ya 6,000 na kinaunda pikapu kubwa ambazo Wamarekani wanazipenda mno. Kabla ya mwaka 2022, ujira wa siku nzima wa mfanyakazi wa hapo ulikuwa karibu sawa na ujira wa saa moja wa mwenzake mzoefu wa Marekani. Saa moja kwa siku moja, kwa pikapu za kampuni moja. Walikuwa na chama, lakini chama hicho kilielewana na wakubwa kuliko na wanachama.

Septemba 2019 wafanyakazi wa GM Marekani, karibu 48,000, waligoma kwa siku 40. Silao ikaambiwa iongeze kasi kuziba pengo. Kikundi kidogo cha wafanyakazi wakakataa kufanya saa za ziada, wakisema hawatavunja mgomo wa wenzao. Baadhi yao walifukuzwa. Yaani Wameksiko ambao kwa miaka 25 walikuwa wakiitwa wezi wa kazi waliacha mkate wao kwa ajili ya watu wa Michigan na Ohio ambao hawajawahi kuwaona. Nikisoma habari hiyo huwa naiweka chini kwanza.

Tarehe 1 Julai 2020 NAFTA ilipisha mkataba mpya. Huu uliweka sharti kwamba ili gari dogo livuke mpaka bila ushuru, asilimia 40 ya thamani yake itoke viwanda ambavyo ujira wake wa wastani ni angalau dola 16 kwa saa. Kwa pikapu ni asilimia 45. Una pia kipengele kinachoruhusu nchi moja kulalamikia kiwanda kimoja cha nchi nyingine kinachowanyima wafanyakazi haki ya kuchagua chama. Aprili 2021 kura ya wafanyakazi wa Silao juu ya mkataba wao wa kazi ilivurugwa, baadhi ya karatasi zikaharibiwa. Mwezi Mei Marekani ikakitumia kipengele hicho. Kura ikarudiwa Agosti mbele ya waangalizi, na wafanyakazi wakaukataa mkataba wa zamani.

Februari 2022 wakachagua chama kipya, SINTTIA, kilichokuwa kikiongozwa na mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Alejandra Morales. Vyama vinne vilishindana, na SINTTIA ikapata zaidi ya kura 4,000, yaani zaidi ya kura tatu katika kila nne. Mei mwaka huo huo wakasaini mkataba wenye nyongeza ya asilimia 8.5. Bado hawajaikaribia Michigan. Lakini kamba wameisuka wenyewe, na walioshika ncha ya pili walikuwa wenzao wa kaskazini, kwa sababu UAW nayo ilijua kwamba ujira wa Silao ukipanda, tamaa ya kuwakimbia wao inapungua.

Mjukuu wangu wa barazani aliniuliza pikapu za Silao zina namba gani. Zinaanza na 3.